Dada Twende, Jina Lako Hatukuwapa

Mwaka umekatika, dada, tangu utuache, na nyumba hii bado inabishana na wewe. Mama akionja mchuzi anasema, "Angesema chumvi imezidi," halafu anaongeza chumvi. Mwanao akibamiza mlango anajigeukia mwenyewe: "Mlango umekukosea nini?" Sauti yako kabisa. Mpaka tunashtuka.

Tangazo la kwanza la kumbukumbu yako gazetini aliandika mumeo, kwa sababu shemeji yangu ndo msomi wa nyumba. Lilikuwa zuri. Lilisema ulikuwa nguzo, taa na ua. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyu ni nani?" Basi kazi nikatupiwa mimi, mdogo wako, niliyeacha shule mapema nikaenda kuchomelea mageti. Kwa hiyo na nyie mnaosoma, maua msitegemee.

Ulikuwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Aliyefeli, aliyefukuzwa hosteli, mwenye mimba na mitihani kwa pamoja, anayetaka kuacha masomo na hajamwambia mtu, wote hao walikuwa wako. Mlango wa mwisho wa korido, ule unaokwaruza sakafu. Ndani feni inayotikisa kichwa kama inakataa kila inachoambiwa, na viti viwili upande mmoja wa meza. Upande wa pili, pale ulipotakiwa ukae wewe kibosi, uliweka jagi la maji.

Wengine kule wanamwambia mwanafunzi, nenda ghorofa ya pili, ukifika uliza. Wewe hukumtuma mtu. Ulikuwa unachukua funguo, unasema, "Twende." Ofisi ya mitihani, twende. Kwa mkuu wa idara, twende. Unasimama naye hapohapo mpaka ajibiwe. Njiani ndo mlikuwa mnaongea. Ulisema mtu akikaa mbele yako anajieleza, ila mkitembea naye ubavuni anakwambia. Ndo wakakubatiza Dada Twende, jina la kuzaliwa likabaki la kitambulisho tu.

Ulitembea mpaka fundi viatu wetu akakuuliza, "Dada, kweli wewe uko ofisini? Mbona soli zako kama unachunga mbuzi?"

"Nachunga," ukamwambia. "Tena hawa wangu wana simu, hawasikii hata ukiwapigia mluzi."

Na mpole hukuwa. Watu wakija hapa wanasema alikuwa mpole, mama anatazama pembeni. Ulikuwa ukinuna, hata paka anatafuta kwingine pa kulala. Lakini ulikuwa unanuna kwa ajili ya watu.

Kama kwa Kofia. Tunamwita hivyo kwa sababu kofia yake haivui, hata akiwa anakula. Alifeli masomo karibu yote, akaja na begi la nguo kukuaga. Ukamsikiliza, ukashika begi upande mmoja, yeye upande mwingine, ukasema twende. Mwenyewe akajua mnaelekea getini. Kumbe mnapanda kwa mkuu wa idara, begi linagonga kila ngazi. Mkuu wa idara akasema, "Dada, huyu ni mtu mzima, ana miguu yake."

"Anayo," ukasema. "Shida yake, tangu asubuhi inampeleka getini."

Akacheka. Alivyocheka akavuta kiti, wakaongea. Kofia akarudia mwaka. Sasa hivi yuko mwaka wa mwisho, na kofia yake.

Bosi wako hakucheka. Alikuita akakwambia umeajiriwa kushauri, siyo kusindikiza, hawa ni watu wazima. Ukamjibu, "Angekuwa mtoto ningembeba mgongoni. Namsindikiza kwa sababu ni mtu mzima." Jioni ile ulitusimulia hapa mezani, unacheka mwenyewe na chakula mdomoni. Halafu ukameza.

"Watanihamisha hawa," ulisema. "Wanihamishe tu. Miguu nitahama nayo."

Ulipoanza kuchoka na ngazi ulisema ni uzee, na uzee wenyewe ulikuwa mbali huko. Siku ya hospitali mimi nilitangulia mbele na hasira zangu, nasukuma watu. Ukanivuta shati.

"We, unanisindikiza au unanikimbiza?"

Nikapunguza mwendo. Korido ilikuwa ndefu na tuliimaliza wote wawili, polepole. Hilo ninalo, hakuna wa kuninyang'anya.

Sasa nikwambie kilichotokea majuzi, kwa sababu ungekuwepo ungenuna wiki nzima.

Bosi wako alikuja hapa nyumbani. Suti, mpiga picha, na mchoro mkubwa umekunjwa. Eti chuo kinafungua jengo jipya la huduma kwa wanafunzi, na juu litaandikwa jina lako kamili, herufi za kung'aa. Mama ndo akate utepe. Shangazi hapohapo akaanza kuulizia kitambaa na fundi wa kushona. Mumeo akainamisha kichwa, nikajua kimemgusa.

Mama akaomba mchoro. Akavaa miwani. Madirisha ya kioo, mstari mzima. Mashine ya kutoa namba. Viti vimefungwa sakafuni kwa bolti, vyote vinatazama skrini.

"Baba, huyu mfanyakazi anakaa nyuma ya kioo?"

"Ndiyo, mama. Kisasa kabisa."

"Na mwanafunzi yuko huku."

"Huku, mama."

"Na mlango wa huyu kutoka akamfuate huyu, uko wapi?"

Bosi akageuza mchoro. Akaugeuza tena, kama mlango umejificha upande wa chini.

"Hauhitajiki, mama. Mwanafunzi anaitwa namba yake, anaelekezwa, anakwenda."

"Peke yake?"

"Ni watu wazima, mama."

Mama akavua miwani, akamrudishia mchoro wake. "Mwanangu asingekaa humo. Na jina lake halikai humo. Wekeni mlango, ndo mrudi tuongee."

"Mama, hii ni heshima tunampa."

"Nimeiona. Haina mlango."

Mimi nilikuwa nimeshasimama nikamfungulie geti, geti nililolichomelea mwenyewe. Mama akaniambia, "Kaa chini, mgeni anamalizia chai." Akaimalizia. Haraka kweli. Mlangoni akasema chuo kitatafakari, lakini jengo ni la chuo na siku ya utepe imeshapangwa.

Walipoondoka tukagombana, usidhani tulikuwa malaika. Shangazi akasema familia hii ina laana ya kukataa mazuri. Halafu mumeo, ambaye hapandishi sauti, akapandisha. "Mnajua mmekataa nini? Wanafunzi wanamaliza, wanaondoka. Wakiisha hawa waliomjua, nani atajua kama aliwahi kuwepo? Ukuta ungebaki!"

Sote, hata mama, tulikuwa tunaogopa kitu kilekile, yeye ndo alikisema.

Kesho yake nikaenda chuoni, nikasema angalau nikuchukulie kiti chako. Kofia alinipokea getini. Ofisi yako imefungwa, wamejaza maboksi, kitasa kina vumbi. Nikasimama pale na hasira zangu zile unazozijua. Ndo nikasikia watu nyuma yangu. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mfupi, begi kubwa kuliko mgongo, kamshika mwenzake mkono. Mwenzake analia, matokeo yake hayaonekani.

"Futa uso kwanza," anamwambia. "Haya, twende."

Nikamuuliza, "Mnaenda wapi?"

"Ofisi ya mitihani. Nampiga twende."

"Unampiga nini?"

"Twende, kaka! Ofisi ngumu hapa mtu haendi peke yake, anapigwa twende. Na mimi wiki iliyopita nilipigwa. We mgeni nini?"

"Dada Twende unamjua?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kwani ni mtu?"

Nikamgeukia Kofia. Akaniambia walianza wao, wale uliowatembeza wewe. Ofisi yako ilipofungwa wakawa wanasimama hapo koridoni kwa zamu, na kila aliyesindikizwa anamdaka mgeni mwingine. Bosi ameshawafukuza hapo. Wanahamia kwenye ngazi. Wakifukuzwa kwenye ngazi wanarudi. Halafu Kofia akavua kofia. Mara ya kwanza namwona kichwa. Kina umbo la ajabu, dada, ungecheka.

Nikarudi nyumbani bila kiti, nikawasimulia. Mumeo akarudia, "Kwani ni mtu?" Akacheka mpaka akafunika uso, na alipofunua ulikuwa umelowa. "Alikuwa mtu," akasema. "Viatu vyake ninavyo." Kuhusu ukuta hajasema tena.

Kwa hiyo, bosi, najua unasoma hapa. Familia imekataa, na tumeandika ili kila mtu ajue tumekataa. Ukipandisha jina la dada yangu juu ya vile vioo bila mlango, mimi nina ngazi ndefu na nina mashine ya kukata chuma. Mama ameniambia nifute hapo. Sijafuta. Ila siku mtakayokubali mlango, niiteni. Nitautengeneza mwenyewe, bure, na hautakwaruza sakafu.

Siku ya utepe sisi hatutakuwepo kwenye utepe. Tutakuwa korido ya zamani, mbele ya mlango wako. Wewe uliyewahi kusindikizwa naye, njoo, na mshike mkono mmoja wa mwaka wa kwanza.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anaongeza chumvi, mumeo, mwanao, shangazi, ambaye bado amenuna lakini atakuja, kitambaa ameshanunua, mimi mdogo wako, fundi viatu, anayesema biashara imeshuka, Kofia na wenzake wote, na yule mfupi mwenye begi, ambaye sasa anajua ulikuwa mtu.

Dada, tutakukumbuka mpaka miguu igome.

Twende.