Jibini ya Baba na Swali Lako, Mama

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Mama, na bado mlango wa jikoni ukilia tunageuka tukidhani ni wewe unaingia, maranda ya vizimba vya panya yamekuganda kwenye pindo la koti.

Wanafunzi wako wa maabara walikuita Mama Panya, nawe ukaitika bila kinyongo. Sisi wanao ulitulea kwa swali moja. Mtu akilalamikia kichwa, kabla hata ya pole unamuuliza, "Umemeza dawa gani, na ulikuwa umekula nini?" Shangazi alisema ipo siku utamuuliza hivyo bwana harusi. Ukamuuliza kweli, mbele ya wakwe.

Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yako. Mezani ulitueleza habari za poliamini, vitu vidogo mno ambavyo mwili hujitengenezea, na uvimbe huvihitaji ili ukue. Panya wako wagonjwa uliwapa dawa ya kuuzuia mwili usivitengeneze. Lakini kwenye chakula navyo vimo, kwa hiyo ukawachanganyia unga usiokuwa navyo, mweupe, hauna ladha wala harufu. Ulitaka kujua kama dawa na unga huo, vikienda pamoja, vitausimamisha uvimbe.

Basi Baba, akikuletea chakula cha mchana, akawaonea huruma panya wako. Kila ulipokwenda kunawa mikono akawapenyezea jibini. Tena ile iliyokaa muda mrefu, imejaa poliamini pomoni! Uvimbe ukanawiri, nawe ukakonda kwa mawazo ukidhani dawa haifai kitu, mpaka ulipookota kipande chini ya maranda.

Uliingia nacho sebuleni, tukajua leo kuna moto.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Jamani, mama watoto, wale viumbe wana njaa! Hata mfungwa anapewa mboga."

Ukakaa chini, ukacheka hadi miwani ikaanguka. Ukaiokota. "Kumbe dawa huenda haina kosa," ukasema. "Mimi nafunga mlango wa mbele, wewe unafungua wa nyuma."

Ukaanza upya na panya wengine. Safari hii wote walipata dawa, ila wengine walipewa jibini makusudi, kwa kupimiwa, na wengine unga mtupu. Baba akapigwa marufuku kuvuka korido. Chakula chako akawa anakiacha kwa mlinzi, shingo upande.

Ukatutoka kabla ya majibu. Hilo lilituuma sana, maana hata hospitalini, sauti imekwisha, ulikuwa ukiuliza, "Panya wangu wanaendeleaje?"

Majibu yametoka, Mama! Wanafunzi wako walikuja nyumbani wote, wakajazana sebuleni, wengine sakafuni. Waliokula jibini, uvimbe wao ulikua hata wakiwa na dawa. Waliopewa dawa na ule unga wako, uvimbe ulisimama. Ulikuwa sahihi. Tulipiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Baba alilia, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kuwasalimia panya. Amekubaliwa, ila mifuko inakaguliwa mlangoni.

Unakumbukwa na mumeo, mlisha panya, sisi wanao watatu na wakweo, wifi yako, wajukuu wanaokula kwa mizani yako ya jikoni, na wanafunzi wako wote.

Hatutakusahau hata siku moja. Na panya wako, Mama, wanaendelea vizuri.