Redio ya Dada na Lehemu ya Ndoo

Jumamosi, 8 Juni 1957. Iyunga

Baridi. Maji ya ndoo yameshika barafu nyembamba juu. Nimefunga kondensa tatu za redio leo. Bado nne na koili. Nyaya nimezisokota tu, sijalehemu. Siwezi kulehemu kwa risasi iliyopo hapa.

Redio hii ni ya Dada Subilaga. Tangu avunjike nyonga hatoki kitandani. Kanisani haendi, sokoni haendi. Anasikia kuku na mvua, basi. Aliniambia anataka kusikia sauti ya mtu asiyemjua. Maneno hayo yalinichoma. Nikamwahidi redio.

Mdogo wetu Ambakisye anaona nachelewesha makusudi. Yeye ni fundi bati hapo barabarani, anaziba ndoo na taa za chemli. Leo alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mwalimu, lehemu ni lehemu. Nipe mimi hicho kitu, jioni Dada anasikiliza."

Nimekataa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda bandani kwa Ambakisye kumweleza. Polepole, kama darasani. Lehemu yake ni ya vipande vinene, risasi nyingi na bati kidogo. Haishiki bila asidi. Asidi inakula uchafu na kutu, ndiyo kazi yake, na kwa ndoo inafaa kabisa. Ndoo huoshwa. Kila siku inajazwa maji na kumwagwa. Redio nani anaiosha? Asidi inabaki kwenye viungo na inaendelea kula. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele. Haumshindi mlaji huyo.

Redio inataka lehemu ya waya yenye utomvu wa msonobari katikati. Utomvu nao husafisha wakati wa moto, lakini ukipoa unalala. Hauli kitu. Na bati iwe nyingi kuliko risasi, ili iyeyuke upesi na kuganda upesi, moto usiunguze vitu vidogo.

Mbeya nimezunguka maduka yote. Wana ya mabomba tu. Binti yangu Tumaini anasema Iringa kuna duka lenye hiyo ya waya. Nitakwenda.

Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wateja wake. "Hiyo ya Iringa imebatizwa?"

Banda zima likacheka. Nilikasirika. Nikasema mbele ya wote kwamba akitia asidi yake ndani ya redio ile, itakufa. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 13 Juni. Kihesa, Iringa, kwa Tumaini

Basi liliharibika Nyololo. Tulikaa kando ya barabara kwenye upepo. Mgongo wangu hautaki kunisamehe.

Lehemu nimeipata. Mwenye duka aliniruhusu kukata ncha nitazame. Katikati ya waya kuna doa la rangi ya asali. Ndio utomvu wenyewe. Nyumbani kwa Tumaini nilikigusisha kipande kwenye chuma cha moto, kikatoa moshi mdogo wenye harufu ya mbao mbichi za msonobari, kikatandaa juu ya shaba bila kulazimishwa. Kiungo kizuri kinang'aa na kulala chini. Kibaya kinajikunja kama tone la maji kwenye jani la mgomba.

Tumaini amecheka. "Baba, safari yote hii kwa ajili ya waya?"

Nimefurahi leo.

Jumatatu, 17 Juni. Iyunga

Redio inaimba. Niliisikia kabla sijafika uani.

Ambakisye aliichukua siku ile ile niliyoondoka. Amelehemu vyote. Chumba cha Dada kimejaa majirani, wengine wako dirishani. Dada analia kwa furaha. Ambakisye aliponiona akapaza sauti: "Karibu, Mwalimu! Marehemu wako anaimba!"

Wakacheka tena. Nilizunguka nyuma ya redio. Viungo vikubwa kama maharage. Asidi bado inametameta pembeni. Nikaomba niizime, niioshe, nilehemu upya. Kazi ya siku mbili tu.

Dada akasema, "Usiiguse." Kwa sauti ile ile aliyotukemea nayo tukiwa wadogo.

Lehemu yangu iko kwenye kopo. Nina uchungu. Sina neno jingine.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya ibada watu wamekwenda kwa Dada kusikiliza. Wamepita mlangoni kwangu, na kicheko chao kimepita nao. Sikwenda. Nimepalilia kabichi ambazo hazikuwa na magugu.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda kumsalimu Dada. Redio inakwaruza. Ambakisye akaipiga kofi ubavuni, ikatulia. Akanitazama. Lo lote ambalo ningesema lingekuwa ni kujisifu.

Jumanne, 16 Julai

Imekufa. Betri ni nzima, nimesikia wakibishana. Hakuna aliyeniita. Leo sokoni watu wamenisalimu kwa mbali, kwa heshima nyingi kupita kiasi. Najua maana yake.

Alhamisi, 18 Julai

Wamekuja. Ambakisye na Baba mdogo Anyosisye, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Hawakuja kuuliza habari za asidi.

Kwetu Rungwe, mtu mzima akimnung'unikia ndugu yake, pumzi yake inaleta baridi. Mtoto anaugua, ng'ombe anakauka maziwa. Hakuna dawa ya kuchemsha. Mwenye hasira aiseme yote mbele ya ndugu, kisha atie maji kinywani na kuyapuliza. Hapo baridi inaondoka. Ubatizo haukuyafuta haya, uliyafunika tu. Lakini sikuwahi kusikia pumzi ya mtu imeua redio.

Baba mdogo alisema kwa upole. "Ulitamka itakufa, mbele ya watu. Imekufa. Sisi tuseme nini?"

Nikawaambia, ifungueni. Mtaona ukijani, kutu ya shaba, kwenye viungo. Hawakuwa na haja ya kuona. Nimefundisha miaka yote ile kwamba kila jambo lina chanzo chake. Ambakisye mwenyewe alikaa dawati la mbele.

Nimekataa kupuliza maji. Nikiri nini? Kwamba nilijua?

Jumamosi, 20 Julai

Dada hali chakula. Uji wa asubuhi umerudi jikoni kama ulivyokwenda. Ambakisye hanisalimu.

Jumapili, 21 Julai

Dada ameniita. Wote walikuwepo. Akanishika mkono.

"Mdogo wangu, mimi asidi siijui. Ila najua umenikasirikia. Iseme ikutoke."

Hilo sikuweza kulikana. Nilikuwa nimemkasirikia, kuliko hata Ambakisye. Nikasema. Safari ya Iringa. Kicheko cha bandani. Lile neno "usiiguse". Nilisema zaidi ya nilivyokusudia, mbele ya mdogo wangu. Nikatia maji kinywani, nikapuliza. Baba mdogo akaitikia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kisha nikasema: sasa nipeni redio. Aliyekwisha puliza maji hakataliwi.

Jumatano, 24 Julai

Kazi imekwisha. Kila kiungo kilikuwa na ukijani kama kuvu ya ukutani. Ncha mbili za koili zimeliwa kabisa. Nimeyeyusha risasi ya ndoo, nikaifuta. Nimesugua kwa maji ya magadi, maana magadi huiua asidi. Nikasuuza kwa spiriti, nikakausha juani. Nimelehemu upya kwa waya wa Iringa. Viungo vimelala chini, vinang'aa.

Kimoja kimenishinda. Kiko chini ya kikalio cha valvu, ile taa ya kioo ya redio, na kukifikia ni kukivunja kikalio. Kikalio kingine Mbeya hakuna. Kiungo nimekiosha kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye magadi. Sijui kama umefika kote.

Nilimwita Ambakisye aone ukijani kabla sijaufuta wote. Aliinama, akatazama sana.

"Baridi yako ilikuwa kali, kaka," akasema.

Jumapili, 28 Julai

Redio inasema. Dada amekula. Majirani wamerudi, na kila anayeingia ananishukuru kwa maji niliyopuliza. Naitikia. Kuwaeleza nimechoka.

Walipotoka Ambakisye alibaki. Akasema kuna mtu kamletea redio yenye waya uliokatika, akaomba kipande kidogo cha ile lehemu ya Iringa. Sikumuuliza kwa nini asitumie yake. Nikamkatia. Alikinusa, akakitia mfukoni, akaenda zake.

Dada amefumba macho. Mtu asiyemjua anamsomea habari za mvua za mahali asipopajua. "Ndaga," aliniambia, asante.

Nimesogeza kiti karibu, sikio upande wa kile kiungo kilichonishinda. Bado hakikwaruzi.