Tupa ya Tollefsen na Bunduki ya Bibi Verna

Jumapili, 16 Juni

"Bunduki kongwe ikikwama, kosa ni la shaba, na dawa ya shaba ni tupa." Hivyo ndivyo alivyoandika Lyle Tollefsen katika jarida la klabu, ukurasa wa pili, juu ya makala yangu. Upuuzi! Kwa mantiki hiyo, ng'ombe asiyekula akatwe meno.

Shaba anayoisema ni kinyanyuzi, kile kipande kinachopanda na risasi kila ukivuta wenzo wa kupakia. Kimepanda na kushuka tangu 1881 bila kumwomba Tollefsen ruhusa. Ukikikata hakirudi. Hakuna duka la kununua shaba ya 1881.

Leo mazoezini bunduki ya Verna Aasheim imekwama. Risasi ya tatu, kwaa! Wenzo haushuki wala haupandi. Na Jumamosi ni Siku ya Waasisi: kila ukoo unapiga risasi kumi kwa bunduki ya babu yao, na ikikwama unatoka mstarini hadi mwaka ujao. Hakuna rufaa. Verna ana miaka themanini na minane. Alisema bila kulia wala kutabasamu kwamba habari za mwaka ujao tuwaambie vijana wa miaka sabini.

Nimemwambia ailete kwangu. Tollefsen alikohoa. Akohoe tu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeifungua juu ya meza ya jikoni. Mabamba ya pembeni, viungo, springi. Safi! Marehemu mumewe aliitunza kuliko alivyolitunza gari lake, na pengine kuliko Verna. Nikaijaza risasi bubu, zile kumi zisizo na baruti nilizotengeneza zamani kwa ajili ya majaribio. Zote kumi zimepita kama siagi kwenye kikaango.

Basi si shaba. Basi ni nini? Nikatafuta mkosaji mwingine, na aliyekuwa karibu alikuwa Verna mwenyewe, anakunywa kahawa yangu. Nikamwambia anavuta wenzo polepole mno, kwamba mkono umechoka.

Akaweka kikombe chini.

"Binti, mkono huu umekamua ng'ombe miaka sitini. Na wewe ulipokuwa na miaka sita, ndio uliokuchapa kwa kuiba cheri zangu. Ulisikia umechoka?"

Nikasema hapana, bibi.

"Haya."

Jumanne, 18 Juni

Verna amekuja na mwanawe kuchukua bunduki. Ameipeleka kwa Tollefsen.

Sina la kuandika.

Jumatano, 19 Juni

Ninalo. Mkahawani asubuhi, Tollefsen ameketi kama askofu, pai mbele yake. Anatangaza kwamba Ijumaa baada ya chakula cha mchana atakibana kinyanyuzi cha Aasheim kwenye jiliwa, lile koleo la mezani, na kukichonga ukingo kwa tupa. Na wengine watatu wenye bunduki za namna ileile, ambazo nazo zimekwama majira haya, wamejiandikisha. Nne! Nilisimama.

"Lyle, ukigusa shaba ile nitakuandika hadi wajukuu zako wabadili jina."

"Dada Gudrun, andika. Mimi natengeneza. Kwako ilikaa siku nzima, ukampa bibi wa watu lawama."

Watu walicheka. Hata mwenye mkahawa, ambaye nilimtetea kwenye kesi ya mbwa wake!

Kinachoniuma: anachotaka kufanya kitafanya kazi. Ukingo ukichongwa mshazari, utaisukuma nyuma risasi inayofuata, na bunduki itapiga. Mtu anaweza kuharibu kitu akashangiliwa.

Lakini kwa nini nne kwa mpigo? Mwaka jana hazikukwama.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda na bunduki yangu mwenyewe, ya namna ileile, nyuma ya zizi, na boksi la risasi zangu za mwaka huu. Risasi ya nne, kwaa.

Nilikaa kwenye ndoo, nikaifungua.

Bunduki hizi hazina kizuizi cha kusimamisha risasi inayofuata. Risasi yenyewe ndiyo kizuizi. Ikijaza kinyanyuzi sawasawa, inayofuata inabaki nje. Ikiwa fupi, inayofuata inaingiza kitako chake ndani, na shaba inagoma kupanda. Jambo hili nimelihubiri katika jarida miaka kumi na miwili. Kwa dharau nyingi.

Nikapima. Zangu ni fupi kwa unene wa kadi mbili za karata. Zile bubu ni sawa kabisa.

Februari nilinunua kalibu mpya ya kumiminia vichwa vya risasi, vyenye pua butu na fupi. Nikabadili kalibu. Mashine ya kukandamizia vichwa ndani ya maganda sikuirekebisha, kwa sababu siku ile nilikuwa nikiandika makala kuhusu watu wazembe. Risasi hizo niliziweka kwenye maboksi ya njano, nikayagawa wakati wa Pasaka. Verna. Na wale watatu. Na Tollefsen, kwa dharau.

Ni mimi. Shaba haina kosa, mkono wa Verna hauna kosa. Ni mimi!

Ijumaa, 21 Juni, saa sita na robo mchana

Tollefsen hapokei simu. Mwanawe, aliye kazini mjini, anasema baba yuko karakanani na redio iko juu. Verna yuko kanisani akipanga viti. Nimetengeneza risasi kumi zenye urefu sahihi, nimezipima mara tatu, ziko mfukoni. Kwa Tollefsen ni dakika ishirini kwa gari. Nilitaka kuandika tangazo la heshima kwanza, nilibandike mlangoni mwa mkahawa nikipita. Nimechana matatu. Katika yote matatu nilikuwa nikimlaumu mtengenezaji wa kalibu.

La nne:

Mliopokea kwangu maboksi ya njano wakati wa Pasaka, ninyi watano, Verna Aasheim wa kwanza: risasi zile ni fupi, nilizifupisha mimi kwa uzembe wangu. Msizipige. Zileteni kwangu leo kabla ya giza, nitawapa nyingine. Msimpe mtu yeyote shaba zenu. Verna, mkono wako ni mzima, nisamehe. Na wewe Lyle Tollefsen, zima hiyo redio, toa kinyanyuzi kwenye jiliwa, unifungulie mlango.