Salamu za Dakika Kumi

Himbi, Goma, 2 Machi 1989

Papa yangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima. Sijui wewe na kifua chako huko Masisi.

Papa, kazi yangu ya kusemesha watu kwenye foni, ile redio ya mbali, imetuzidi. Wafanyabiashara wanapanga mstari tangu asubuhi, huyu anataka Kinshasa, yule Butembo, na mashine ni moja. Patron Buhendwa anataka kununua ya pili, anatafuta wa kushirikiana naye. Akiingia mtu mwingine, mimi nabaki kibarua tu. Papa, uza yule ng'ombe wetu Gaju, tuingie sisi.

Mutoto wako,
Julienne

Masisi, 11 Machi 1989

Mwanangu Julienne,

Salamu nyingi. Kifua kimetulia, na kaka yako Rémy anakusalimu.

Ombi lako limeninyima usingizi. Gaju alikuwa ng'ombe wa marehemu mama yako. Namkamua, namshika pembe. Sauti za watu nitazifunga kamba wapi? Jumamosi ijayo, saa nne, nitakuwa kwenye foni ya parokia. Nitakupa jibu kwa kinywa changu.

Papa yako,
Célestin

Goma, 18 Machi 1989

Papa,

Natumaini ulifika nyumbani salama. Nimekucheka mpaka nikalia. Dakika zote kumi ulizolipia ulinisalimu. Ukanipa salamu za kilima kizima, mtu kwa mtu, ukaulizia hata watoto wa Patron, ambaye humjui. Muda ukaisha hujamtaja Gaju. Sasa jibu ni lipi? Kuna tajiri wa Bunagana anataka nafasi ile. Patron amenipa wiki moja.

Mutoto wako,
Julienne

Masisi, 22 Machi 1989

Mwanangu,

Nakusalimu, leo kwa ufupi.

Sikufichi, nilikwenda kwenye foni kukukatalia. Muda ulipoisha niligeuka, nikaona mstari umefika mlango wa kanisa. Nikakaa kusikiliza. Karibu wote walimaliza dakika zao kwa salamu, kisha wakalipa tena ili waseme jambo lililowaleta. Hata mimi ningelipa tena, ila mfuko ulikuwa mtupu. Kwa watu kama sisi, mashine mbili hazitatosha.

Gaju nimemuuza jana. Rémy anakuletea pesa pamoja na barua hii.

Miaka miwili sikuwa nimesikia sauti yako. Imekuwa ya mama yako kabisa, ndiyo maana nilizidi kukusalimu, nisikie ukiitikia.

Mashine ikifika, niwekee Jumamosi, saa nne. Nitalipa kama wengine.

Papa yako,
Célestin