Makamu Aliyejua Madirisha Yote

Kaka Mussa,

Salamu kutoka mtaani kwetu Najma, hapa Doha. Tuko wazima, ila wewe hupo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nianze kwa kukuomba radhi. Wewe, makamu mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania, uliyehangaikia makaratasi ya kila mwenzetu aliyefia hapa Doha, ulilala mochwari siku tisa. Tisa, kaka! Tulizoea kulia na kuchanga, mengine tukakuachia. Ulipoondoka wewe, hakuna aliyejua hata aanzie dirisha gani.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiwatega wageni Wamarekani uliowaendesha kutoka hotelini Al Sadd. Ukiwauliza habari za yule makamu wa rais wao wa zamani uliyemsoma kitabuni, wanatoa simu kutafuta. Ukirudi unacheka mpaka unashika mbavu: "Dada Rehema, kwao wenyewe hawamjui!" Ulimpenda kwa sababu alikaa miaka akisikiliza wengine wakihutubia bungeni, na kura yake ilihitajika pale tu kura za wenzake zilipogawanyika sawa kwa sawa. Nisamehe, jina lake na mimi limenitoka.

Baada ya arobaini yako tulikutana mtaa wa Al Mansoura. Mwenyekiti akataka cheo cha makamu kifutwe, eti hakina kazi. Damu ikanichemka. Nikasimama, mimi mfua mashuka wa hoteli, nikawauliza: nani alikuwa akienda ubalozini? Nani alikuwa akifuatilia jeneza uwanja wa ndege? Nani alikuwa akimpigia simu mama wa marehemu? Mmoja akaguna, "Mwanamke na mochwari wapi na wapi?" Nikamwambia kesho asubuhi nakwenda. Wakanichagua.

Na nimekwenda, kaka. Kila dirisha nalijua sasa, na makarani wananijua kwa jina. Nimewafundisha wenzangu wawili, wote wanaweza. Mwezi uliopita tulimpoteza mlinzi mmoja wa Singida. Siku ya nne akazikwa kwao. Msibani walimshukuru mwenyekiti, mimi sikutajwa. Nilitabasamu tu, maana mama wa yule mlinzi alikwisha kumzika mwanawe.

Lala salama, kaka yangu. Kazi yako ninayo, na siitupi. Nakuahidi, siku nitakapokufa mimi, atakuwepo wa kunirudisha kwetu Tanga upesi. Akinisahau baadaye, sawa tu.

Dada yako,
Rehema