Kikombe Kimoja cha Mchele

Mke wangu mpendwa, Mama Zuhura,

Leo nimekula chakula cha mchana mkekani, peke yangu, televisheni nimeizima. Nimekula bamia, kipande cha samaki changu wa kuchoma na wali kidogo. Laiti ungekuwepo ukanicheka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia kila siku, "Baba Zuhura, kula taratibu, nani anakukimbiza?" Wakati huo mimi nimeshamaliza upande wangu wa sinia, naangalia wako. Nawe unachambua mnofu wa shavuni mwa samaki, unanisogezea.

Ulipofariki, watu walijaa nyumbani mpaka arobaini ikapita. Kisha wakaondoka, Zuhura akarudi kwa mumewe kule Msata, nikabaki mimi na jiko. Siku ya kwanza kujipikia nilichota vikombe viwili vya mchele, kama ulivyokuwa ukichota wewe. Nilijua nimezidisha, lakini kukirudisha kile cha pili ndooni mkono ulikataa. Nikapika wote. Nikala wangu, kisha nikala wako, kwa sababu kuumwaga niliona ni kama kukutoa wewe nje. Kesho yake nikafanya vilevile. Ikawa ndiyo desturi yangu, mwaka mzima na zaidi.

Mwili ukajaa. Kazi yangu unaijua, kutwa nimekaa kwenye cherehani. Nikawa nafungulia mishono ya suruali zangu mwenyewe, na kanzu nikaziongezea vipande ubavuni. Wateja wananiambia, "Fundi, umenawiri!" Nacheka, na huku kiu haiishi na usingizi siupati.

Siku moja Zuhura alikuja bila kuniarifu, akafunua sufuria.

"Baba, una mgeni?"

"Sina."

"Sasa wali wote huu wa nani?"

"Wa mama yako," nikasema.

Mwanao aliifunika sufuria polepole, akakaa palepale kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalia.

Asubuhi akanipeleka hospitali. Daktari, binti wa rika la mwanetu, akanipima sukari na presha, akanipandisha kwenye mizani. "Mzee wangu," akasema, "sukari imepanda. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitakusaidia kama sahani haijapungua." Nusu ya sahani iwe mboga, wali usizidi robo, vya kukaanga na soda niachane navyo. Halafu akaniambia jambo nililoliona la kitoto: nikitia tonge mdomoni, nisichukue jingine mpaka nimeze la kwanza.

Nilidhani njaa ndiyo itakayonishinda. Njaa niliizoea, sisi ni watu wa kufunga. Kilichonishinda ni kikombe. Siku niliyochota kimoja tu, nilisimama jikoni mkono juu ya ndoo, nikajiona kama nakuzika mara ya pili.

Nikapika hivyo hivyo. Nikakaa, nikala kama nilivyoagizwa, tonge moja moja. Ndipo nikagundua kuwa mchicha una utamu wake hata bila tui, na kwamba ndimu niliyokamulia samaki ilikuwa imeiva. Tangu uondoke nilikuwa sijaonja kitu, nilikuwa najaza tumbo tu. Na katika utulivu ule nikaona upande wa pili wa mkeka uko wazi. Nililia, tonge liko mkononi. Nikafahamu kwa nini nilikuwa nakula mbio mbio na televisheni ikipiga kelele: nilikuwa naogopa kutazama pale.

Wifi yako Mwanaidi hakunielewa. Kwenye harusi ya mwanawe kule Mapinga alinijia na sahani ya pilau iliyofurika.

"Kaka, umekula vijiko vitatu tu! Watu watasema tangu wifi afariki hatukutunzi."

"Nimeshiba, Mwanaidi."

"Umeshiba lini?"

"Sasa hivi, dada'angu. Zamani nilikuwa hata sijui kama nimeshiba."

Kisha akaiondoa ile sahani, akarudi na kipande cha tikiti, akakaa karibu yangu tukala pamoja.

Sikwambii kwamba nimeshinda. Zipo asubuhi harufu ya vitumbua inaniita, nami naitika. Ila siku hizi nikinunua kimoja nakaa nacho chini, nakila mpaka nakimaliza vizuri, siendi natafuna njiani. Sukari imeshuka. Suruali nimeanza kuzibana tena.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilikuja kaburini kwako. Mwaka jana nilikuwa nasimama kando nimeegemea ukuta, Zuhura ndiye anayeinama kung'oa majani, kwa sababu mimi nikiinama pumzi zinanikatika. Safari hii nilikuja peke yangu. Nilichuchumaa ubavuni pako, nikang'oa majani yote kwa mikono yangu, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikakusomea Yasini nikiwa palepale chini, na nilipomaliza sikuinuka upesi.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, mke wangu.

Mumeo,
Baba Zuhura