Rangi Hii Imekukaa

Bungoma, Jumamosi, Agosti 2006

Ati ni biashara tu! Hivyo ndivyo mchumba wangu Wafula alivyoniambia leo, bila hata haya.

Asubuhi nilienda Kitale bila kumwambia, nimpelekee chapati. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha vitenge na mteja, nikangoja nyuma ya vitenge vilivyoning'inia. Ndipo nikamsikia: "Madame, cette couleur vous va à merveille." Madam, rangi hii imekukaa ajabu. Sauti ni ileile, na mkono kifuani vilevile.

Mwaka jana aliniambia maneno hayohayo, hapohapo. Akasema alijifunza Kifaransa Goma, alikokuwa akinunua vitenge, na kwamba Kenya hii hajawahi kumwambia mwanamke mwingine. Nilirudi nyumbani nikiyarudia njia nzima. Hata mama nimemfundisha kuyatamka.

Yule mteja alicheka. "Wewe Wafula, si juzi ulimwambia dada yangu hivyo hivyo?"

Nikajitokeza na chapati zangu. Wafula hakushtuka hata kidogo.

"Nekesa, si ni biashara bana? Mtu akisifiwa, hununua."

Mwezi ujao wazee wake wanakuja kwetu kuzungumzia mahari. Mama ameshachagua kuku wa kuwachinjia. Nitamwambia nini? Kwamba...

Ninachoshindwa kumeza ni kwamba hata siwezi kusema alinifuata. Siku ile alinisifu, nikanunua, akanifungia kitenge changu na kuniaga kama mteja mwingine yeyote.

Ni mimi niliyerudi kibandani kwake.